Kwenda Bangkok Kusimama Mlangoni

Tangu nirudi, kila mtu ananisimamisha. Sokoni, posta, hata kanisani wakati wa sadaka mtu ananigusa bega: "Ati ulifika? Ulikula nini huko?" Nimesimulia vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kupingana. Kwa hiyo nimeandika yote hapa mara moja. Mpokezane karatasi hizi, mniache ninywe chai yangu.

Mambo ya pasipoti na sindano nayaruka. Nilisimama, nikapigwa mihuri, nikachomwa, yakaisha.

Daftari

Kwa wasiomjua, dada yangu Nafula ananizidi miaka minne. Alikwenda ng'ambo kusomea uhazili, akapata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja Bangkok, na huko akapata mchumba, mhandisi wa mifereji aitwaye Prasit. Barua yake ilipofika kwetu landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka nyuma ya redio. Baba ameendesha treni karibu maisha yake yote, na siku hizi miguu yake haimfikishi hata stesheni. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Baada ya wiki nzima akaniita.

"Hao watu watapiga hodi?"

"Watu gani, Baba?"

"Wa huyo kijana. Siku ya harusi watakuja kumchukua, ama atatoka tu kama mtu anaenda dukani?"

"Dada anasema watakuja na ngoma. Jumamosi, saa tatu na dakika tisa asubuhi. Saa hiyo imechaguliwa na watawa wao."

Akahesabu kitu kichwani. "Basi mlangoni asimame mtu wetu. Utaenda wewe. Na usiwafungulie mara ya kwanza. Lakini nisikilize vizuri. Kama watapiga hodi na hakuna mtu wetu pale, usirudi hapa kuniambia kulikuwa na harusi. Nitajua tu binti yangu alipotea."

Hiyo ndiyo safari. Mengine yote ni njia.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, historia na jiografia, na sikuwa na kazi. Nilichokuwa nacho ni daftari. Nililigawa kurasa: Njia ya Kwanza, Njia ya Pili, Njia ya Tatu. Ndege za moja kwa moja zilikuwa za watu wenye vyeo, na mwaka ule mafuta yalikuwa yamepanda bei mpaka watu wa vyeo nao wakaanza kulalamika. Nikaandika: je, nikipitia Aden? Je, nikienda kwa meli mpaka Bombay, halafu ndege? Je, meli ikichelewa? Je, nikiugua melini? Kurasa kumi na nne. Aliyenikata maneno ni Mzee Mohinder, Singasinga mwenye kiwanda cha kupasua mbao karibu na landhi, ambaye amemjua Baba tangu enzi za injini za mvuke. Alikuwa akienda India kumwona mama yake.

"Kuna ndege ya Bombay, rahisi," alisema. "Pale wewe nachukua ingine ya Bangkok. Inasimama kila mahali, lakini inafika."

Nilipomweleza Baba, alielewa upesi kuliko mimi. "Ni treni ya mizigo ya angani," akasema. "Treni ya mizigo hufika. Ila haikuambii lini."

Maneno hayo yalininyima usingizi siku nne.

Nakuru hadi Mai Mahiu

Tuliondoka Jumatano asubuhi kwa lori la Mzee Mohinder, lililokuwa likipeleka mbao Nairobi. Ndege ilikuwa ya jioni. Kila kitu kilikuwa ndani ya sanduku langu isipokuwa blanketi. Mama alikuwa amenunua blanketi zito la sufu, jekundu lenye mistari myeusi, la kumpa mama mkwe wa Nafula. Nilimwambia Bangkok ni joto mwaka mzima, nimesoma jiografia. Akaniuliza kama jiografia hiyo inafundisha kwenda kwa wakwe mikono mitupu. Nikalibeba begani.

Tulipopita Naivasha niliangalia upande wa Olkaria, kule wanakochimba mvuke ardhini. Nilikuwa nimewaandikia barua mbili kuomba kazi yoyote. Nilianza kuwaza: wakwe wakiniuliza nafanya kazi gani, nitasema nini? Mtu asiye na kazi anaweza kumsimamia dada yake mlangoni? Nikawaza hivyo mpaka Mai Mahiu, ambako lori lilianza kutoa mvuke wake lenyewe.

Tukasimama chini ya ukingo wa bonde, kabla ya mlima. Dereva alifungua boneti, akarudi nyuma haraka. Ilibidi lipoe. Malori mengine yalikuwa yamejipanga pale, madereva wakila viazi vya kuchemsha kwenye kibanda cha mama mmoja. Mimi nilikuwa nikitembea kutoka lori hadi kibanda, kibanda hadi lori, nikitazama saa.

"Kijana, utachimba barabara," yule mama akasema. "Keti. Unaenda wapi na blanketi, kwenye baridi ya Limuru?"

"Bangkok."

Akafikiri. "Hiyo ni mbele ya mji wa Kikuyu ama nyuma yake?"

Madereva walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mzee Mohinder akanisogezea kikombe. "Kunywa. Lori iko na joto, wewe iko na joto. Mbili pamoja haiwezi panda mlima."

Tulikaa pale karibu saa tatu. Nilikula viazi vinne bila kujua ladha yake. Tulipopanda hatimaye, ukungu ulikuwa umeshuka barabarani, lori likaenda kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Nilikuwa na hakika ndege imetuacha. Tukafika uwanjani tukihema, tukakuta ndege yenyewe haijafika kutoka ilikotoka. Tuliruka Alhamisi asubuhi. Hofu yote ya ukingoni nilikuwa nimeila bure, na bado sikujifunza.

Bombay

Ndege ya kuunganisha ilikuwa imeondoka saa moja kabla hatujatua. Karani aliniambia hivyo kwa sauti ya mtu anayetangaza bei ya vitunguu. Nyingine ni kesho mchana, akasema, lakini nafasi ni chache, nenda kwenye dirisha la pili.

Mzee Mohinder alikuwa amekwenda kuulizia treni yake ya Punjab. Nikaenda peke yangu. Mbele ya dirisha la pili kulikuwa na mstari wa watu, nami nimelelewa nyumba ya reli: nikiona foleni, nasimama nyuma yake. Ilikuwa ndefu na yenye furaha. Watu walivaa nguo nzuri. Nikajiambia, Wahindi wa huku wanapenda sana kununua tiketi. Baada ya saa moja na nusu nilifika mbele, nikamkuta mzee mnene amevikwa mashada ya maua mpaka masikioni, akilia. Ilikuwa familia yake yote, imekuja kumuaga. Zamu yangu ilikuwa imefika na watu nyuma yangu walikuwa wakisubiri. Nifanye nini? Nilimpa mkono, nikamtakia safari njema kwa Kiingereza. Akanikumbatia, akalia zaidi begani mwangu, juu ya blanketi.

Mzee Mohinder alinikuta hapo. Alinishika mkono, akapita kando ya watu wote mpaka dirishani, akaweka viwiko viwili juu ya mbao, akaongea Kihindi dakika tano bila kuvuta pumzi. Nikapata nafasi ya kesho.

"Mzee, kama kesho nayo itachelewa?" nilimwuliza. "Harusi ni Jumamosi asubuhi. Na kama wameanza? Na kama niko barabarani tu na wao wako mlangoni?"

Akanishika bega. "Kijana, kichwa yako ni mashine ya kupasua mbao, lakini mbao hakuna. Kelele tu. Ngoja mbao ifike, kisha pasua."

Akatununulia wote wawili chapati. Zilikuwa nyembamba, kavu, si kama zetu za kukunja na mafuta. Nilihisi kama nimemkuta ndugu wa mtu ninayemfahamu. Kisha akaenda kwa mama yake. Mimi nililala kwenye benchi la uwanja, blanketi la mama mkwe likiwa godoro, nikimwomba radhi kimoyomoyo.

Kalkata

Ilikuwa tusimame dakika arobaini. Tulisimama kuanzia jua likiwa juu mpaka likazama. Kila mara kipaza sauti kilipokohoa, niliruka. Wauza chai walipita na vikombe vidogo vya udongo ambavyo watu wakishakunywa huvipasua chini. Mimi sikuweza kuvunja kikombe cha mtu. Nilivipanga chini ya kiti changu, vitano, nikitafuta wa kumrudishia. Kipaza sauti kikakohoa tena, nikaruka na cha sita mkononi. Chai yote ikaishia kifuani.

Bibi aliyekuwa karibu nami alivitazama vile vikombe, akanitazama mimi, akaanza kuvivunja kimoja kimoja kwa kisigino, polepole, kama mtu anayemalizia kazi ya mtoto.

Shati lilikuwa jeupe. Nilijifariji kwamba lingine la harusi limo sandukuni.

Teksi ya Thonburi

Sanduku halikufika. Jumamosi alfajiri, Bangkok, nilisimama uwanjani na shati lenye ramani ya chai, daftari moja na blanketi moja. Waliniandikia karatasi, wakasema huenda liko Rangoon. Sikubishana. Ilikuwa saa moja kasoro.

Dereva wa teksi alikuwa kijana mwenye uso mwema. Nilimpa anwani ya mtaa wa Thonburi aliyoniandikia dada, kwa herufi za Kizungu. Aliishika, akatabasamu, akaondoa gari. Tukaenda. Kwetu mtu akijua njia hatabasamu hovyo, anaendesha. Huyu alitabasamu kila njia panda. Tukapita mifereji, masoko, mahekalu yenye paa za dhahabu, mapikipiki ya matairi matatu yanayonguruma kama mashine za posho. Tukasimama mbele ya hospitali. Nikatikisa kichwa. Akatabasamu. Tukasimama mbele ya shule. Nikapaza sauti, nikagonga saa yangu kwa kidole. Akatabasamu zaidi, jasho likimtoka.

Nilidhani ananicheka. Dada alinieleza baadaye kwamba huko watu hutabasamu pia wanapoona haya, na kwamba ukikasirika mbele yao unawafunga mdomo kabisa. Dereva hakujua kusoma herufi za Kizungu, hakutaka kuniambia, na mimi nilikuwa nikimpigia kelele.

Mwishowe nilitoa picha ya Nafula na Prasit wakiwa mbele ya nyumba yenye ngazi, kando ya mfereji. Nikaionyesha nyumba kwa kidole, nikajifanya napiga ngoma. Dereva akaangua kicheko cha kweli. Alishuka, akamwonyesha mwanamke aliyekuwa akichoma ndizi kando ya barabara. Yule mama akamwita mwingine. Watu saba wakaipitisha picha mikononi, wakabishana, mmoja akanipa ndizi. Kisha wote wakanyoosha kidole upande mmoja, ng'ambo ya mto.

Saa tatu kasoro kumi nilikuwa ngazini.

Mlangoni

Nafula alitoka mbio, amevaa hariri ya rangi ya dhahabu, nywele zimebanwa na maua. Alinitazama shati, akalitazama blanketi, akashika mdomo.

"Wekesa! Nilijua hutafika. Nimelia mpaka wamenipaka poda mara mbili. Baba?"

"Amenituma."

"Amesema nini?"

"Amesema mlangoni asimame mtu wetu."

Akageuka upande kidogo. Kisha, akarudi kuwa dada mkubwa: "Hilo shati haliwezi kuonekana. Jifunike hilo blanketi. Sasa sikia, wanakuja. Shika huu mkufu na rafiki yangu wa ofisini, mnaziba mlango. Watatoa bahasha ya pesa, utawapisha. Mimi sitakiwi kuonekana." Akapotea ndani.

Ngoma zilikuwa zimeshafika kwenye kona. Walikuja watu kama hamsini, wakicheza, wakibeba trei za matunda na keki, na migomba miwili midogo yenye mizizi yake. Mbele alikuwa Prasit, amevaa nyeupe, na mjomba wake ambaye ndiye msemaji. Nyuma yao mwanamke mfupi sana, mama yake. Mimi niko juu ya ngazi, kwenye joto la tanuri, nimejifunika blanketi jekundu mpaka kidevuni, mkufu wa fedha mkononi. Nafula aliniambia baadaye walidhani mimi ni chifu.

Mnajua kwetu inakuwaje. Wakwe wakija kumchukua binti, hawafunguliwi tu kama wauza maziwa. Unawaambia huwajui. Unawaambia wamepotea njia, hapa hakuna msichana. Wao wanajua, wewe unajua. Wanabembeleza, wanaimba, mnataniana mpaka mlango unafunguka wenyewe. Mlango unaofunguka haraka unaonyesha nyumba imechoka na binti yake. Na Baba alisema: usiwafungulie mara ya kwanza.

Mjomba akainama, mikono imekutana kifuani. Akasema kwa Kiingereza chake cha adabu kwamba wamekuja kumchukua Nafula.

Nikakaza uso kama Baba. "Hatuwajui," nikasema. "Nyumba hii haina msichana wa jina hilo. Labda mmekosea njia."

Ngoma ya mbele ikanyamaza. Mjomba akatabasamu, akanyoosha bahasha. Nikairudisha. "Rudini mlikotoka," nikasema, kwa fahari kabisa, kwa sababu nilikuwa naona ninafanya vizuri. "Hapa mmepotea."

Ngoma zote zikanyamaza. Nilikuwa nimeshajifunza kidogo kuhusu tabasamu za watu wale, nami niliziona zikizimika moja baada ya nyingine, kutoka mbele kwenda nyuma. Prasit aligeuka rangi. Alikuwa amemwandikia Baba barua mbili na hakujibiwa hata moja. Sasa jibu lilikuwa limesimama mbele yake limevaa blanketi. Rafiki wa dada alikuwa ameuachia mkufu upande wake. Watu wa nyuma walianza kugeuza trei zao, taratibu, bila kelele, kama watu waliosikia msiba.

Dirisha la juu likafunguka kwa kishindo. "Wekesa! Umewaambia nini?"

"Nimewaambia hatuwajui!"

"Mungu wangu! Hawa hawajui huo mchezo! Wanaamini! Saa inapita!"

Nilitazama saa. Saa tatu na dakika saba. Nimevuka bahari kuja kumsimamia dada, nikafunga mlango usoni pa harusi yake. Nilifungua mdomo, Kiingereza chote cha chuo kikuu kikakimbia. Jasho likanishuka ndani ya sufu.

Ndipo yule mama mfupi akapita katikati ya watu, akamvuta Prasit shati. Akauliza kitu. Prasit akamjibu bila kunitazama. Mama akarudi kunitazama mimi, kwa muda mrefu, akaanzia kwenye blanketi akaishia kwenye viatu. Sijui aliona nini. Labda aliona nilivyoukamata mkufu bila kuuachia. Akasema maneno machache. Prasit akashangaa, akasita, kisha akatafsiri:

"Mama anasema, kama bado hakuna msichana, hakuna neno. Watakaa hapa chini wangoje mpaka azaliwe."

Na mama akaketi. Kwenye ngazi ya chini, na hariri yake, akakunja miguu.

Mimi nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka machozi, maana hilo ndilo jibu lenyewe. Wazee wa kwetu wangelipigia makofi. Juu dirishani Nafula naye alikuwa akicheka na kulia. Yule mama akaanza kucheka, kisha mjomba, na mpiga ngoma akapiga moja ya kujaribu. Nikauangusha mkufu.

"Amezaliwa sasa hivi!" nikasema. "Karibuni!"

Waliingia saa tatu na dakika tisa, au kumi; sikuitazama saa tena siku ile. Niliwamwagia maji ya baraka mikononi Nafula na Prasit kwa kombe la bahari, badala ya Baba. Nilikula kitu kama maharagwe mabichi kumbe ni pilipili, nikapoteza sauti. Na nilimvika mama mkwe blanketi la Mama. Nilijaribu kumweleza kwamba anaweza kuliweka tu. Alilivuta mabegani, akalifunga kifuani, akakaa nalo kwenye joto lile mpaka wageni wa mwisho walipoondoka, uso umelowa, hataki mtu amvue.

Landhi

Safari ya kurudi ilikuwa na ucheleweshaji wake, lakini nililala karibu yote. Sanduku limenitangulia kurudi Nairobi. Sijui limeona nchi ngapi.

Baba alikuwa ameketi nje. Hakuuliza kuhusu ndege. "Walipiga hodi?"

"Walipiga."

"Nani alikuwa mlangoni?"

"Mimi."

"Uliwafungulia mara ya kwanza?"

Nikamsimulia. Nilipofika kwa yule mama kuketi kwenye ngazi, alinisimamisha kwa mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. Mabega yake yakatikisika kidogo. "Rudia tena."

Kesho yake asubuhi nilikuwa nikinywa chai ndani, nikiwaza kama barua ya Olkaria imekuja na kama haijaja kwa nini haijaja, niliposikia sauti yake nje. Alikuwa akiongea na jirani yetu aliye ng'ambo ya ua.

"Wamekuja na ngoma, watu hamsini," Baba alikuwa akisema. "Sisi tumesimama pale mlangoni. Tukawatazama. Tukawaambia, hatuwajui."